Notsi za Kontakta

Barua ilikuwa imeshachapwa na kugongwa muhuri. Kilichobaki ni sahihi yake tu. Mkuu wa chuo aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani asiyoitaka.

"Soma, mwalimu, utie sahihi. Kikao cha kiwandani ni saa nane."

Mwalimu wa umeme alisoma. Wanafunzi walimbandika jina la Kontakta, maana akikasirika aligonga meza ta-ta-ta kama swichi ya mota kubwa. Leo hakugonga kitu. Barua ilisema binti aliyeungua mkono kiwandani alifundishwa taratibu zote za usalama, na kwamba ajali ile ni uzembe wake mwenyewe.

Uzembe! Binti mwenyewe alikuwa mtoto wa mdogo wake, tumbo moja. Kontakta alimlea tangu darasa la nne, akamfundisha umeme miaka miwili, akazunguka maofisi ya watu mpaka kiatu kikaisha kisigino, ndipo binti akapata kazi kiwanda cha maji ya chupa. Wiki ya tatu tu, umeme ukamchoma kiganja cha kulia. Na sasa kikao kilikuwa kinakaa kuamua kama afukuzwe au abaki.

Kontakta alijua ukweli, maana jana alikwenda kiwandani akajionea. Fundi mkuu alimfungulia sanduku la kijivu ukutani, linaloitwa invata, lile linaloongeza na kupunguza mwendo wa mota.

"Hii, mwalimu, ukizima swichi kuu haifi papo hapo," alisema. "Ndani ina kapasita zinazobaki na umeme. Unasubiri dakika kumi, halafu unapima hapa ndani, siyo pale waya unapoingilia. Binti alizima, akapima pale waya unapoingilia, akaona sifuri, akashika. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndivyo alivyofundishwa."

Ndivyo alivyofundishwa, na nani kama si yeye? Karakana ya chuo ilikuwa na mashine zenye umri wa kuwa na wajukuu, na hizo ukizima umezima, ukiona sifuri ni sifuri.

"Kwani ule mkataba wetu na nyinyi umekwenda wapi?" aliuliza.

"Upo. Kila mwaka mwalimu mmoja, wiki nne, anashika mashine mpya kwa mikono yake. Mwaka juzi mkatuletea mtunza stoo. Mwaka jana akaja shemeji wa mkuu wenu, yule wa mapokezi. Kazi yao ilikuwa chai na kupiga picha, wakachukua vyeti wakaenda zao." Fundi mkuu alifunga sanduku taratibu. "Lakini mwaka wa kwanza kabisa tulikuomba wewe, mwalimu. Barua niliiandika mimi."

Aliikumbuka, tena vizuri sana. Fundi huyu alikuwa mwanafunzi wake, na yeye Kontakta aliwahi kumfelisha akarudia mwaka. Barua ilipofika, Kontakta aliicheka mbele ya walimu wenzake: eti mimi nikafundishwe na niliyemfundisha kushika bisibisi? Akaitupa kwenye droo, na mkuu wa chuo akapata mwanya wa kugawa nafasi zile kwa watu wake. Tangu jana alikuwa na hasira, na ubaya wa hasira ya namna hiyo ni kwamba nusu yake inakurudia mwenyewe.

"Mbona hutii sahihi?" mkuu alisema. Kisha akalainisha sauti. "Sikiliza, dada yangu. Kiwanda kikisema chuo kimekosea, mkataba umekufa. Tukisema binti ndiye aliyekosea, tumesalimika. Na nafasi ya mwaka huu ni yako, nakuahidi. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na binti?"

"Bado mdogo. Atapata kazi nyingine."

"Kwa mkono upi?"

Mkuu alitazama saa yake. Kontakta aliikunja barua, akaitia kwenye mkoba bila sahihi, akatoka.

Kikaoni meneja alikaa kichwani mwa meza. Binti alikuwa pembeni, mkono wa bandeji umelala mapajani, macho yako chini. Mkuu wa chuo alianza kwa maneno matamu: ushirikiano wetu, viwango vyetu, masikitiko yetu. Alisema barua rasmi ipo, mwalimu mhusika atawakabidhi.

Mwalimu mhusika akatoa daftari. Lilikuwa daftari lake la kufundishia, jalada limebanduka, kurasa zimekuwa njano.

"Nawasomea nilichowaandikia wanafunzi ubaoni," alisema. "Moja, zima swichi kuu. Mbili, pima pale waya unapoingilia. Tatu, ukiona sifuri, shika. Basi, hakuna la nne. Huyu binti alifanya hivyo hivyo, hakuruka hata mstari. Mnataka kumfukuza mzembe? Nifukuzeni mimi. Mlinialika nije kujifunza nikakataa, nikajiona najua kila kitu. Na huyu bosi wangu hapa, nafasi za walimu anazigawa kwa shemeji zake kama karanga, halafu anataka nimtose mtoto wangu ili yeye abaki msafi. Hiyo barua sitii sahihi. Sitii, leo wala kesho."

Mkuu wa chuo alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Niondolee kiatu chako," Kontakta alisema, na wote wakasikia.

Meneja aliomba daftari, akasoma ukurasa ule mara mbili, akampa fundi mkuu naye asome. Hawakubishana sana. Binti angebaki kazini na kutibiwa na kiwanda. Mkataba ungesitishwa mpaka chuo kilete mwalimu wa kweli kujifunza. Nje, mkuu wa chuo alipita bila salamu, akasema tu kwamba kesho ataitisha kikao cha nidhamu. Kontakta akamjibu kwamba atawahi kufika kuliko yeye.

Alimkuta binti kwenye benchi karibu na geti. Alidhani atakumbatiwa. Kusema kweli, alikuwa ameshaandaa na la kujibu. Binti hakuinuka.

"Ahsante, mama mkubwa," alisema. "Lakini darasa letu tulikuwa thelathini na wanne. Wote tuna hizo notsi."

Thelathini na wanne hao ni wa mwaka mmoja. Akakaa, akatoa simu, na binti akaanza kumtajia namba za wenzake moja moja. Wa kwanza hakupatikana. Wa pili alikuwa fundi wa friji, akasikiliza mpaka mwisho, akakata bila kuaga. Simu ya tatu ilipokelewa na mwanamke, nyuma yake mashine zikinguruma.

"Mwenye simu kaiacha mezani, yupo kazini. Ndiyo kwanza wamezima umeme, anafungua sanduku huko. Nimwambie nini?"

"Mkimbilie," Kontakta alisema. "Mwambie asishike. Mwambie mwalimu wake kasema alimfundisha vibaya."