Shamba Lililolala

Mama Visiki alifika shambani na beseni la mbegu za mahindi kichwani, mbegu alizoloweka tangu jana, akakuta vigingi vimepigwa katikati ya ardhi yake na kamba imevutwa kutoka kimoja hadi kingine. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa pale na mpima ardhi, na wachimbaji wakivua mashati.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Salama. Hivi vigingi vya nini?"

"Zahanati, shemeji. Si ndiyo tuliyoililia miaka yote? Imekuja."

"Na ije, nimeililia kuliko wote. Lakini ndiyo ije juu ya shamba langu?"

Mpima ardhi hakuinua uso. "Hapa hapajalimwa misimu miwili. Ardhi isiyolimwa ni ya kijiji."

"Nimelilaza."

"Umelifanyaje?"

"Lilichoka, nikalilaza lipate nguvu. Leo ndiyo naliamsha. Muulize huyu, anajua."

Mwenyekiti akakohoa. Alijua sana. Alipohamia hapa, mkewe mjamzito, walilala jikoni kwa Mama Visiki, naye akawamegea ardhi, akawapa mbegu, akawafundisha kulaza shamba. Kabla ya hapo palikuwa pori. Mama Visiki na marehemu mumewe waling'oa visiki mpaka jina likamganda. Kisha mtoto wao akafia mgongoni kwake, njiani kwenda hospitali, wakaambiwa watu wa kuhesabika hawajengewi zahanati. Basi akaita watu. Njooni, ardhi ipo. Wakaja, akawamegea, akawamegea, mpaka akabaki na hiki kipande.

"Si mimi, shemeji. Ni amri ya huko juu."

"Na shamba lako la bondeni? Nalo si lililala?"

"Lile nimechomeka mihogo."

"Lini?"

"Mwezi uliopita." Akafuta jasho. "Nilidokezwa."

Mama Visiki akamtazama. "Mimi mbona hukunidokeza?"

"Shemeji, na wewe. Wote tungelima, zahanati ingekaa wapi?"

Mmoja wa wachimbaji alikuwa ameshapiga jembe la kwanza. Akacheka peke yake. "Mzee, udongo gani huu? Jembe linazama lenyewe. Kwa kazi hii saa sita tuko nyumbani."

"Pamepumzika hapo," mwenyekiti akamjibu.

Mama Visiki akatua beseni. Mbegu zilikuwa zimeanza kutoa ncha nyeupe. Hazingerudi ghalani tena, na wala hazingengoja.

"Mama, sogea kidogo," mpima ardhi akasema. "Umesimama kwenye msingi."

Akajitwika beseni lake, akasogea. Akasogea tena, akaipita kamba, hadi akavuka mpaka wa shamba kwa mguu mmoja. Ng'ambo ya pili, kwenye kipande alichowamegea, mke wa mwenyekiti aliinua kichwa kutoka kwenye palizi.

"Dada, angalia mguu," akasema kwa upole. "Utanikanyagia miche."

Mama Visiki akaurudisha mguu, akabaki pale pale kwenye mpaka, maji ya mbegu yakimchuruzika shingoni.