Hapana ya Kaka Iraj

Kwetu sisi Wairani wa Hamburg, mgeni akiletewa ukoko wa wali hukataa kwanza. Ukoko ndio utamu wa sufuria nzima, kila mtu anautolea macho, na ndiyo maana unaukataa. Unabembelezwa, unakataa tena kwa sauti ya chini kidogo, na mara ya tatu unapokea huku ukilalamika kwamba umesumbua watu. Mandana, binti wa kaka yangu, hakuyaweza haya. Mama yake ni Mjerumani, na kwa Heike hapana ni hapana. Siku moja, akiwa mdogo, Mandana alimwondolea mgeni sahani mbele ya pua kwa sababu mgeni kasema ameshiba. Aliyecheka kuliko wote ni baba yake.

Kaka Iraj alikuwa mpigaji wa tar, kinanda cha nyuzi cha shingo ndefu, chenye ngozi ya mwanakondoo tumboni, katika orkestra ya redio kule Tehran. Mapinduzi yalipokuja na muziki ukapigwa marufuku, akaja huku na kinanda kimeviringishwa blanketi, akaishia kuuza mazulia kwenye ghala la binamu yetu bandarini. Jioni alipiga jikoni, Mandana akaimba. Sauti aliitoa kwake, ukaidi aliutoa kwangu.

Mandana akasomea uigizaji. Miaka ya mwanzo televisheni ilimpa kazi ya kulia tu: mkimbizi, mfagiaji, dada anayepigwa na kaka yake.

“Lini utaigiza mtu aliyeshiba?” nilimwuliza.

“Nikimpata, Shangazi, nitakuletea mabaki.”

Wajerumani walimwuliza anatoka wapi hasa, naye kazaliwa Altona, mtaa wa mji huu huu. Watu wetu nao walinong’ona kwamba Kiajemi chake kinachechemea. Akachoka na wote, akarekodi nyimbo za kale alizofundishwa jikoni. Zikapendwa kuliko alivyotarajia, akapewa onyesho kwenye ukumbi mkubwa hapa hapa Hamburg.

Jumapili moja akaja kula. Nilikuwa nimepika mchuzi wa majani na maharage mekundu. Akaweka uma chini.

“Baba, nataka unipigie tar kwenye onyesho. Tuwe mimi na wewe jukwaani.”

Nikamwona kaka yangu sikio likimgeuka jekundu. Tangu Tehran hakuna aliyemwita jukwaani.

“Mimi?” akasema. “Vidole vimeshakuwa kuni. Tafuta vijana, mwanangu, usijitie aibu na mzee.”

“Kweli, Baba?”

“Kweli kabisa.”

“Haya. Nimekuelewa.” Akambusu kipajini, akaendelea kula.

Nilimrushia Mandana teke chini ya meza ili aulize tena, likampata Heike. Mandana alipoondoka nikamgeukia kaka yangu.

“Mpigie simu umwambie unataka!”

“Nimwombe? Ataniuliza tena. Lazima aulize tena.”

“Huyu ni nusu Mjerumani, kaka!”

“Nusu nyingine ni yangu, Mahrokh. Na usithubutu kumwambia.”

Akaenda kubadilisha ngozi ya kinanda, akanunua nyuzi mpya, akapeleka suti kwa dobi. Kila alasiri alikiweka kinanda karibu kidogo na hita ili unyevu wa Hamburg usilegeze ngozi, akafanya mazoezi mpaka Heike akakimbilia kwa jirani. Simu ikilia, alikuwa wa kwanza kuifikia. Mandana alipiga, ndiyo, kumwambia amempata mpiga gitaa mzuri kutoka Berlin.

Usiku wa onyesho tulikaa mstari wa mbele. Katikati ya nyimbo Mandana akasimama kwenye maikrofoni, akacheka. “Nilimwomba baba yangu anipigie. Alikataa! Anaogopa nitamzidi.” Ukumbi mzima ukacheka, na kaka yangu akacheka nao, akiinua mkono kama bwana harusi. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kupiga makofi.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nilimfuata Mandana nyuma ya jukwaa, maua yakiwa bado mikononi mwake, nikamwambia yote: ngozi, nyuzi, suti, simu.

Akakaa kwenye sanduku la nyaya. “Mbona hakusema?”

“Alisema. Ulitakiwa kumwuliza tena.”

Alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Akaapa kwamba ziara ijayo ni yeye na baba yake, na kwamba atamwomba kama tunavyoombana sisi, hata siku nzima. Aliapa kwa dhati, siwezi kumsingizia. Lakini wiki ile ile wakampigia kutoka Munich. Hatimaye alikuwa amepata mtu aliyeshiba: daktari mkuu katika tamthilia ya kila wiki, na jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha ya waigizaji. Msimu ukaenda, ukaja mwingine, ukaja mwingine. Kila Nowruz, mwaka mpya wetu, alipiga simu kutoka studio. “Mwakani, Shangazi. Usimwambie, nataka nije mwenyewe.” Nasi tukamtazama kwenye televisheni akiponya watu.

Mwaka huu kweli akaja, na boksi la keki za waridi, kapendeza kama mtu anayekwenda kuposa. Tukakaa meza ile ile. Alisubiri mpaka chai, kama inavyostahili.

“Baba, nimeacha ile tamthilia. Nakwenda ziara ya nyimbo, na bila wewe siendi.”

“Mimi ni mzee, mwanangu. Chukua vijana.”

“Vijana hawajui unachojua wewe. Nakuomba.”

“Hapana, roho yangu.”

“Baba, siondoki hapa mpaka ukubali.” Na Kiajemi chake hakikuchechemea hata kidogo.

Heike akainamisha macho. Mimi pia.

“Hapana,” akasema kaka yangu.

Mandana akacheka, akanikonyeza. Alidhani ameanza kuuweza mchezo. “Basi nauliza ya nne! Mimi si mgeni hapa, Baba, usinifanyie adabu.”

Ndipo kaka Iraj akautoa mkono wa kulia chini ya kitambaa cha meza, alikouficha tangu Mandana aingie, akauegemeza kwenye bilauri yake ya chai. Bilauri ikaanza kugonga kisahani, haikunyamaza. Mandana aliutazama mkono ule, kisha akamtazama baba yake, na kicheko bado kilikuwa usoni mwake hakijajua pa kwenda.

“Ungeuliza ile siku,” kaka yangu akamwambia kwa upole. “Ile siku nilikuwa naongopa.”