Nionyeshe Ghala

Kwa miaka sita bibi shamba alipima kazi yake kwa vichwa. Waliokuja kwenye mafunzo ya kilimo: arobaini. Waliosaini: arobaini. Mwisho wa msimu alipita na fomu, akauliza kila nyumba, "Mbegu mpya imekusaidia?" Wote wakajibu ndiyo, gunia kumi, gunia kumi na mbili. Ofisini walimpigia makofi, naye akavimba kichwa kidogo, tusimlaumu sana.

Kisha akapelekwa semina ya tathmini, siku tatu kwenye ukumbi wa viti vya plastiki. Mkufunzi, mtu mkavu asiyejua kucheka, alisema jambo moja lililomkaa rohoni: "Usimuulize mkulima kama umemsaidia. Mtu mwenye adabu atakujibu nini? Mwambie akuonyeshe ghala."

Akaanzia kwa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Fomu ya mwaka jana ilisema gunia kumi na mbili.

"Nionyeshe ghala, shangazi."

"Ghala? Mwanangu, mle kuna panya, watakula hivyo viatu vyako vya ofisi."

"Shangazi."

Yule mama akaacha utani. Alifungua mlango wa bati, akasogea pembeni. Ndani kulikuwa na magunia, ndiyo, yamekunjwa na kupangwa kama nguo zilizopigwa pasi. Hata punje ya kumtupia kuku haikuwamo.

"Mbegu yako ilikauka ikiwa imefika magotini," shangazi alisema. "Kwangu na kwa wote."

"Mbona mlisema ndiyo?"

"Ulikuja na ile kalamu yako, uso umenywea kama wa mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Tukasema, binti yetu huyu, tukimwambia kweli atafukuzwa kazi. Tukatia chumvi. Tulijua karatasi zenu mnazifungia tu kabatini."

Karatasi zile hazikufungiwa kabatini. Orodha ya vijiji vitakavyopewa chakula cha msaada ilitokana na hizohizo, na kijiji hiki kilifutwa kwa kuwa kimeshiba. Bibi shamba alimwambia shangazi hivyo hivyo, bila kumung'unya maneno. Shangazi aliketi kizingitini, akashika tama.

"Kwa hiyo ni midomo yetu."

"Ni fomu yangu."

Orodha ingefungwa Ijumaa. Kwa siku mbili alizunguka nyumba kwa nyumba, hakuuliza kitu, alifunguliwa milango tu. Kati ya maghala arobaini, thelathini na sita yalikuwa matupu. Kwa mfinyanzi, jirani wa shangazi, aliwakuta wanachemsha magugu ambayo yeye mwenyewe aliwafundisha kuyang'oa.

Ijumaa asubuhi mkuu wake aliziweka ripoti mbili mezani, ya zamani na mpya.

"Mkono mmoja, saini moja," alisema. "Mwaka jana wameshiba, leo wana njaa. Nikiipeleka hii huko juu, wataniuliza ripoti ngapi nyingine ni za uongo. Wewe unajua ni ngapi?"

Hakujua. Hilo ndilo lililomkata maini.

"Basi orodha inabaki ilivyo."

Alifika kijijini mchana. Wanawake walikuwa wamejaa uani kwa shangazi. Maghala yote yalikuwa yamefagiliwa kungojea chakula cha msaada, magunia yamekung'utwa na kuanikwa juani, na mfinyanzi alikuja na kamba za kufungia. Alizima pikipiki.

"Hawaleti," alisema. "Kosa ni langu. Hawaleti."

"Hata kwa wenye watoto wachanga?" mfinyanzi aliuliza.

"Hata kwao."

Wakaanza kuyakunja magunia. Hakuna aliyemtukana, naye alitamani wamtukane. Shangazi alimshika mkono, akamketisha kivulini, akamtazama usoni.

"Na wewe umekonda," akasema. "Umekula lakini?"

Alikuwa amekula, chai na mkate wa ofisini, tena kipande akakibakiza kwenye sahani. "Nimekula, shangazi," akajibu, na hakuweza kuinua macho.