Mgongo wa Triko ya Doriane

Wewe unayesikiliza, kabla sijakusimulia lolote, jibu hili: Napanda kilima, jasho si langu, nafika mbali, vumbi halinigusi. Mimi ni nani?

Utasema ni mtoto mgongoni mwa mama yake. Kila mtu husema hivyo. Basi liweke jibu lako chini ya ulimi, usilimeze wala usiliteme, mpaka tufike.

Asubuhi ile Nabintu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, huko Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, maharage yakichemka juu ya mafiga. Alikuwa anafuma sweta ya kijani, au triko kama wanavyosema watu wa kwao. Ilikuwa ya mjukuu wake Doriane, aliyekwenda mjini Mbarara baada ya mavuno ya mahindi kufanya kazi katika nyumba ya askari mmoja, karibu na kambi ya jeshi. Kazi aliyoambiwa ni kumwangalia mama mzee.

Sweta yenyewe haikuwa na ugumu. Doriane alikuwa msichana mkubwa mwenye mgongo ulionyooka kama mwanzi, na mgongo wa namna hiyo hufumwa moja kwa moja: unakwenda na sindano hadi mwisho wa mstari, unageuka, unarudi hadi mwisho. Lakini mikono ya Nabintu ilipofika karibu na ukingo, iligeuka. Iliviacha vitanzi vya pembeni vikingoja kwenye sindano, ikarudi ilikotoka, na kule nako ikageuka kabla ya kufika.

Aliijua kazi ile. Ni mistari mifupi. Panapopitiwa mara nyingi panainuka kama kilima, na panapongoja panabaki chini. Kwao Walungu, huko Kongo, wanawake waliofuma pamoja pale parokiani waliwafumia hivyo wanawake wabebaji, wale wanaobeba unga na mchanga mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, mpaka mgongo unabaki umepinda hata Jumapili kanisani. Mtu aliyepinda ukimvalisha sweta ya kawaida, inampanda nyuma, na baridi inamwingia kiunoni. Ndiyo maana waliongeza ile mistari mgongoni. Waliiita triko ya mubebaji.

Nabintu mwenyewe aliwahi kuivaa. Alama ya kamba ilikuwa bado kwenye paji lake, na akitoka jasho lilipita humo kama maji mferejini. Siku Doriane alipozaliwa, Nabintu aliichukua kamba yake akaitia motoni chini ya uji wa mzazi. Huyu, alisema, hatabeba kwa kichwa.

Sasa aliitazama sweta mapajani. Hakushangaa. Aliogopa.

Aliifumua, akaanza upya. Mikono ikageuka tena. Akaifumua. Kesho yake akabadilisha sindano, akasali kwanza, akafuma huku akisema kwa sauti, "Nenda, nenda, fika mwisho." Sindano zilifika karibu, zikageuka. Kila alipoanza upya nundu ilizidi kuwa kubwa.

Cansilde, jirani yake Mrundi, alipita na ndoo ya maji akasimama kutazama. Marehemu mume wa Cansilde alikuwa akija kila jioni kuonja chumvi kwenye mboga kisha akaenda zake, kwa hiyo Cansilde si mtu wa kubabaika.

"Maama! Hii triko imebeba mimba kwa mgongo," alisema.

"Usicheke, dada. Weka mukono hapa."

Cansilde aliweka kiganja juu ya nundu. Ilikuwa na joto, na ilikuwa ikipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Cansilde akauondoa mkono, akaufuta kwenye kitenge chake.

"Hii si ya kufumua," alisema. "Ni ya kufuata."

Jioni Nabintu alipiga simu. Zamani, simu zao zilikuwa za vitendawili. Nabintu anatega, Doriane anafikiri mpaka simu nyingine, na akishindwa anatoa mji. Kwa njia hiyo Nabintu alikuwa ameshapata Bukavu, Kamituga, Uvira na Kampala yote, yeye ambaye hata kiwanja alichojengea ni cha kukopeshwa. Lakini tangu mvua zianze Doriane hakujibu tena vitendawili. Alikuwa anahema tu.

"Juu ya nini unahema vile, mujukuu wangu?"

"Haiko kitu, koko. Ni kazi."

"Kazi gani? Uko nabeba nini?"

Halafu Nabintu akasikia mtu mwingine akikohoa, karibu sana na sikio la Doriane, karibu kuliko mtu anavyoweza kusimama.

Kesho yake alipanda gari la asubuhi la Mbarara pale Base Camp. Sweta ilikuwa kwenye kikapu, sindano zikiwa ndani yake, na njia nzima alikuwa amekishika kikapu kwa mikono miwili kwa sababu kilikuwa kinapumua.

Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali, yenye bati jekundu na geti jeusi. Doriane alikuwa uani anaosha sahani. Mgongoni mwake alikaa mama mzee mdogo mwenye gauni la gomesi la zambarau, lile walilomvika siku ya kifo chake. Kamba pana ya katani ilipita chini ya makalio ya yule mzee ikapanda hadi kwenye paji la uso wa Doriane. Miguu ya mzee ilining'inia pande mbili. Nyayo zake zilikuwa safi kabisa, kama za mtoto ambaye hajawahi kukanyaga chini.

"Koko, umefika," alisema Doriane. Hakuweza kuinua uso, kwa hiyo aliisema ile salamu kwa sahani.

Nabintu alimsogelea. Alitoa sweta kikapuni, akaipima juu ya ule mgongo na juu ya yule mzee. Ilikaa barabara, kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Mwenye nyumba, Kobusingye, alitoka na birika la chai. Alikuwa mwanamke mkunjufu, na alimwekea Nabintu sukari bila kupima.

"Karibu, nyabo. Kunywa. Huyu ni mama ya bwana yangu. Anaitwa Evas. Alikufa wakati ya mvua ile ingine."

"Na juu ya nini hamujamuzika?"

"Tulipeleka yeye kwa shamba yake ya matoke, huko Isingiro. Tukakuta mwenye kununua amefunga seng'enge. Akasema kaburi hapana kuwa kwa mapatano."

"Ni nani aliuza?"

"Watoto yake. Hii nyumba unaona ilitoka huko." Kobusingye alipuliza chai yake. "Tukajaribu pahali pingine. Tukichimba, yeye anakataa kushuka. Anasema hii udongo si yangu. Basi watoto wakabeba, leo huyu, kesho huyu, wakachoka. Bwana yangu ni askari. Akasema mgongo yake ni ya serikali."

"Na wewe?"

"Mimi niko na presha, nyabo." Aliangalia kamba kwenye paji la Doriane, kisha alama kwenye paji la Nabintu, akatabasamu kwa adabu. "Lakini nyinyi watu ya Kongo munajua kubeba na kichwa. Sisi tunaonaga nyinyi kwa njia."

"Mulimuambia ni kazi ya kuangalia muzee."

"Si anaangalia? Hata usiku anaangalia. Sisi tunashukuru sana. Hata kanisani tulimuombea."

Nabintu aliweka kikombe chini. Alimshika Doriane mkono, akasema, "Twende nyumbani." Hakuna aliyewazuia. Kobusingye hata aliwafungulia geti. Walipita kwenye kamba za kuanikia nguo, wakapita kwenye pipa la maji, na kila walipopiga hatua Evas alizidi kuwa mzito, kama gunia la mahindi linaloachwa kwenye mvua. Hakufanya kitu. Alikaa tu. Walipofika karibu na geti, magoti ya Doriane yalipiga chini.

"Ni vile kila siku, koko," alisema akihema. "Nafika hapa, nageuka."

Nabintu alimsaidia kuinuka, na wakageuka kabla ya kufika.

Hapo ndipo Nabintu aliponyoosha shingo akamtazama Evas machoni. Alimsalimu, maana mzee ni mzee.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," alisema Evas. Sauti yake ilikuwa kavu kama majani ya migomba. "Hapa hakuna mtu anasalimia mimi. Wanaongea na huyu tu: 'geuza yeye', 'funika yeye'."

"Mama, huyu mutoto ni mujukuu wangu. Mugongo wake unaharibika. Utashuka lini?"

Evas aliangalia ua, saruji, geti, barabara.

"Basi tucheze," alisema Nabintu, kwa sababu hakuwa na silaha nyingine. "Nitakutegea kitendawili. Ukishindwa, unashuka, hata kama ni kwa saruji, na huyu anaenda nyumbani."

"Na nikijua?"

"Ukijua, mimi sitarudi kukuomba tena."

Evas alifikiri, akakubali. Zamani, alisema, walikuwa wanategeana wakimenya matoke, na yeye alikuwa hashindwi kirahisi.

Nabintu akatega: "Napanda kilima, jasho si langu, nafika mbali, vumbi halinigusi. Mimi ni nani?"

Kobusingye alicheka. "Aa, hiyo rahisi! Ni..."

"Wewe nyamaza," alisema Evas. "Yangu." Akafunga macho. "Nipe muda."

Nabintu aliondoka na kikapu chake. Kitendawili kile alikichagua kwa hila. Katika maisha yake yote alikuwa hajaona mtu asiyesema "mtoto mgongoni", hata padri, na jibu lake halikuwa hilo. Njia nzima kurudi Nakivale alikuwa anaomba: aseme mtoto, Mungu wangu, aseme mtoto kama wengine.

Ukaja wakati wa kungoja. Simu alikuwa ameiweka juu ya kibuyu cha chumvi, na kila ilipolia, hata kama ni jirani anaomba kiberiti, aliikimbilia. Usingizi ulimpaa. Lakini asubuhi moja aliikuta sweta ikiwa imefumuka yenyewe mstari mmoja pale kwenye nundu. Kesho yake tena mstari. Uzi ulikuwa umejikunja vizuri pembeni, bila fundo.

"Kule anashindwa," alisema Cansilde. "Anatafuta jibu, halipo."

"Usiseme kwa nguvu, dada."

"Nitasema kwa nguvu! Andaa kitanda cha mutoto. Na mimi marehemu wangu nitamuambia asije kuonja siku hiyo, asimuogopeshe."

Nabintu alitandika mkeka, akaweka shuka safi. Doriane alipiga simu, na safari hii alikuwa hahemi sana.

"Koko, amekuwa mwepesi kidogo. Anafikiri kutwa nzima. Hata jana nilifika kwa geti, nikashika chuma yake."

"Ulishika?"

"Nilishika, koko. Ni baridi."

Siku hiyo Nabintu alifuma kwa mara ya kwanza hadi mwisho wa mstari. Mikono ilikwenda, ikafika, ikachukua vile vitanzi vilivyokuwa vikingoja, ikarudi, ikafika tena. Alifuma huku akilia, na hakuyafuta machozi, aliogopa kusimamisha sindano. Nundu ilikuwa imebaki kama mkate mdogo. Kisha kama yai. Kisha mgongo wa sweta ulikuwa mgongo wa mtu aliyenyooka.

Alikuwa kwenye mistari ya mwisho, chini ya shingo, maharage yakichemka, Cansilde akichagua mchele kando yake, simu ilipolia juu ya kibuyu. Cansilde alimwekea sikioni ili asiachie sindano.

"Koko." Ilikuwa sauti ya Doriane, ndogo. "Anataka kuongea na weye."

"Mupe."

Ilisikika nguo ikichakacha, na ile kamba ya katani ikilia kama inavyolia inapovutwa. Nabintu aliitambua sauti ile, paji lake likauma. Mapajani mwake mikono ilikuwa inafuma bado. Ilifika katikati. Ilikaribia ukingo. Vitanzi vichache vilikuwa vimebaki, unaweza kuviona vyote kwa jicho moja.

Mikono ikageuka.

"Mama ya Nakivale," alisema Evas, bila ubaya wowote, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima. "Nimefikiri sana. Nilitaka kusema ni mutoto. Lakini mutoto anakuwaga mukubwa, anashuka. Hii haishuki. Hii ni mutu amekufa, anabebwa, na hakuna pahali. Ni mimi." Ndilo lilikuwa jibu.