Nyumba ya Dakika Sita

Nilipohamishiwa Mbeya mwaka 1954, nilijiapiza jambo moja: sitapanda mlima tena kwa ajili ya kazi. Iringa tulipanga mtaa wa Mlandege, juu kilimani, na ofisi yetu ilikuwa bondeni karibu na mto. Miaka minne nilishuka asubuhi nikiwa mtanashati, nikapanda jioni shati limenata mgongoni, natweta mbele ya watoto wa mtaa. Karani gani huyo?

Basi nilitangulia peke yangu kutafuta nyumba. Mke wangu Yudith na binti yetu Damari walibaki Iringa. Jumamosi moja nilikagua nyumba mbili, saa mkononi. Ya kwanza ilikuwa ya Apolonia, mjane wa Kisafwa, juu huko mlimani. Nyuma yake palikuwa na chemchemi, na kijia cha mashambani kilikufikisha sokoni na kanisani. Mpaka ofisini: dakika hamsini. Ya pili ilikuwa ya Filemoni, katikati ya mji. Bomba la mtaa lilikuwa pale pale jirani. Mpaka ofisini: dakika sita, tena viatu havikushika hata vumbi.

Kulikuwa na jambo moja tu. Ukitoka kwa Filemoni kwenda bombani, sokoni, au kanisani, lazima upite njia panda. Na hapo njia panda, kwenye kibaraza cha duka, aliketi fundi viatu mmoja mzee kuanzia asubuhi mpaka jioni. Fundi huyo, Isakwisa, ni baba yangu mzazi.

Asiye Mnyakyusa atauliza, kuna ubaya gani? Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake. Hakai naye nyumba moja, hali naye, hakutani naye njiani. Akimwona anaiacha njia, anainama, anajifunika nguo mpaka mzee apite, na mzee naye anageuza uso. Ndiyo heshima yenyewe. Wapo Wakristo waliokwisha kuiacha, na mchungaji wetu aliisema vibaya mara nyingi mimbarani. Yudith alikuwa mwanakwaya wake, lakini hapo hawakupatana. "Mchungaji hakulelewa na mama yangu," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Iringa nzima hapakuwa na mkwe wa kumwepuka. Alikwenda sokoni, kanisani, kwa rafiki yake Tekla, muda wowote na njia yoyote aliyotaka. Kwa hiyo nilipomwandikia kwamba nimepata nyumba, alijibu kwa swali moja: "Baba anafanyia kazi upande gani, na bomba liko upande gani?"

Niliandika kwamba maji yako karibu sana, hata hatachoka. Nusu ya kwanza ya swali niliiruka. Sikuisahau, niliiruka. Nilijiambia amekuwa mtu wa mjini, atazoea. Ukweli ni kwamba niliifikiria miguu yangu tu.

Alipofika hakugomba. Siku ya kwanza alitoka na debe, akarudi nalo tupu, akaniangalia. Nikajifanya nasoma gazeti. Tangu siku ile nilikuta maji yapo na chakula kipo, nami sikuuliza vimepatikanaje. Ofisini nikawa namtambia mwenzangu Crispin, Mhehe aliyetembea kila siku kutoka Iyunga, mbali nje ya mji. "Sisi wengine tunaamka jua limeshatoka," nilimwambia. Nilimtambia na mke pia: amesoma, anajua mambo, si mtu wa mila za shamba.

Baada ya mwezi, mke wa Filemoni alinisimamisha uani.

"Baba Damari, mwenzako ana ugomvi na bomba letu? Kila siku anashuka kule mtoni, kwenye mikaratusi, mtoto mgongoni. Saa nzima hiyo, kwenda na kurudi!"

"Anapenda maji ya mto," nilisema.

Jibu hilo nililipata upesi mno, na hadi leo linanichoma. Jioni niliangalia miguu ya Yudith alipokuwa akipika. Visigino vilikuwa vimepasuka. Nilijua nyumba ya Apolonia bado haijapata mpangaji. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, nikaifikiria ile njia na matope yake, nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata tulitoka kazini saa saba mchana, mimi na Crispin, mvua ikimwagika. Kufika njia panda tukakuta watu wamejibanza kibarazani, wanacheka. Mtaroni, ndani ya maji yanayopita, alikuwa amejikunja mwanamke, kanga imemfunika yeye na mtoto mgongoni, debe limepinduka kando yake. Nilielewa mara moja. Mto ulikuwa umefurika, naye alidhani kwa mvua ile mzee amekwisha kwenda nyumbani. Mzee hakuwa amekwenda. Alisimama mwisho wa kibaraza, uso ukutani, na goti lake bovu halikumruhusu kukimbia.

Ningemshika baba mkono nikampitisha nyuma ya duka, yote yangekwisha. Hatua ishirini tu.

"Yule mama vipi?" Crispin aliuliza kwa sauti. "Anaumwa nini? Tena ana mtoto, bwana! Unamfahamu?"

"Simfahamu," nilisema.

Damari alikuwa analia chini ya ile kanga. Sauti ya mtoto wangu naijua. Nilimshika Crispin mkono nikamvuta tupite.

Yudith alifika nyumbani muda mrefu baada yangu, ameloa chapachapa, midomo ya mtoto imegeuka rangi kwa baridi. Nikamuuliza, "Mvua imewakutia wapi?" Kweli niliuliza hivyo. Alianza kumvua mtoto nguo.

Jumatatu mahali pa baba palikuwa patupu. Yotamu, mwenye duka, aliniambia mzee amehamishia kazi yake Iyunga, kando ya barabara kuu. Anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Wiki nzima nilijifanya sina nafasi. Jumamosi nilimfuata.

Nilimkuta amekaa juu ya kopo lililopinduliwa, hana hata kibaraza, anashona soli. Goti lilikuwa limevimba.

"Tata, rudi mjini," nilisema. "Mimi ndiye nitakayehama."

"Ungetaka kuhama ungekuwa umeshahama." Hakuinua kichwa. "Siku ile nilikuwa nimegeukia ukuta, mwanangu. Macho nilifumba. Masikio sikuziba."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Alikata uzi kwa meno, akajaribu kiatu kwa kidole gumba.

"Nenda kwako. Mkeo sasa ana njia. Usimwambie nimehama kwa ajili yake, ataona ameninyang'anya riziki. Mwambie wateja wamehamia huku."

Nilirudi kwa miguu kutoka Iyunga, njia ambayo baba alikuwa akiikanyaga kila siku na lile goti. Nilipofika, Yudith alikuwa ametoka bombani. Debe lilikuwa limejaa pomoni, na yeye alikuwa anaimba, jambo ambalo sikulisikia tangu aje Mbeya. Alinichotea maji, akapiga magoti kama wanawake wa kwetu wanavyofanya, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Ndaga, Baba Damari," alinishukuru. "Nimesikia mzee amepata mahali pengine, penye wateja wengi. Ni wewe uliyemtafutia, siyo?"

Niliinama, nikaanza kufungua kamba za viatu.

"Siku ile ya mvua nilisikia ulichomjibu yule mwenzako. Nililia sana. Nikadhani unanionea aibu. Kumbe ulikuwa unanitafutia njia."

Nilitaka kumwambia. Lakini alikuwa ananiangalia kwa furaha, na nje wanawake wa bombani walikuwa wanamwita, Mama Damari, hebu njoo, naye akacheka.

"Usijali, mke wangu," nilisema. Nikapokea kikombe, nikanywa.