Kavu au Zilizoiva

…kavu au zilizoiva, ndivyo alivyouliza, na mimi nimeshika mwiko juu ya sufuria, mvuke unanipiga usoni, nasema moyoni huyu mwalimu wa jimu naye ana maswali, nani anapima tambi kavu, kwani unamlisha panya, nikataka kucheka, kicheko changu hiki kikianza hapa jikoni fundi cherehani wa nyumba ya pili anasimamisha mashine asikilize kuna nini, lakini hakijatoka, kwa sababu mtoto wa kaka yangu amenyanyua kichwa ananitazama, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, ameifungulia sauti, na mwalimu anasema mle ndani, "Nauliza kwa sababu hesabu hazikubali, kijana. Kwa chakula nilichokupangia hupaswi kukonda hivi. Jana umedondoka na chuma mkononi. Ama tambi na dengu zinapimwa zikishaiva, ama huli, unanidanganya," na yeye, baba yangu huyu, maana amebeba jina la baba yangu mzazi ndiyo maana namwita baba, anasema, "Nakula vyote mwalimu, anayepima ni shangazi, na shangazi hakosei," hakosei, jamani, kasema hivyo huku anatabasamu, meno yamekuwa makubwa au uso ndio umepungua, "Muulize basi," mwalimu anasema, na yeye ananiuliza, "Eti shangazi, unapima kabla hujachemsha au baada?" …na hapo ndipo tulipo, mwiko unadondosha maji sakafuni na mimi sijajibu, mimi, mwanamke ambaye sijawahi kukosa la kusema hata msibani. Kabla au baada… lakini tambi zinavimba, unaweka shada moja kavu mkononi, ukichemsha zinajaa sufuria, na dengu ndio usiseme, kiganja kimoja kinakuwa bakuli zima, dengu zinakunywa maji kama mlevi aliyepokea mshahara, najua hayo, nimepika toka mwiko unanizidi urefu, na bado kila siku nimeziepua zimeshakunywa maji yao zimelewa, nikaziweka kwenye mizani, nikasubiri namba ile ya mwalimu, ikifika nikasema basi, na kijiko kilichozidi nikakirudisha sufuriani… nilikuwa nampimia maji, mtoto wa watu nampimia maji, na yanayobaki sufuriani anakula nani, mimi, mimi na fundi cherehani, anakuja na sahani yake kabisa saa anayoijua, tunakaa kwenye ngazi tunatafuna chakula cha mtoto huku tunamsema mtoto, fundi anasema, "Kijana wako anajinyima kama anaposa binti wa tajiri," nami nacheka mpaka tambi inanitokea puani, gauni hili limenibana makwapani, nikadhani ni sabuni imelirudisha. "Shangazi?" Ngoja baba, ngoja kidogo… alipokuja kukaa kwangu, kazi kapata kwenye ghala la saruji, alikuwa bado anakula kama watu, anafunua sufuria hata hajasalimia, anaungua vidole, anavinyonya, siku amebeba mifuko mingi anakula sahani kama kilima, siku hakuna kazi anachokoachokoa tu anasema leo sina njaa shangazi, nami simlazimishi, kwani mimi nani nimlazimishe, tumbo lina mwenyewe, nimelisha mafundi ujenzi miaka na miaka, pale chini ya kiunzi, hakuna aliyeniambia nipakulie kiasi gani, nilikuwa namwangalia mtu anavyokuja, mabega yamelala vipi, anavyovuta benchi, huyu kabeba zege toka asubuhi mjazie, huyu kashinda kivulini anapiga soga mpe kidogo, na atanuna, na atamaliza, na hatarudi kuomba, mkono ulikuwa unajua wenyewe, sikuwahi kukosea mtu, sikuwahi… halafu siku moja kaja na mizani, kitu kidogo cha kioo kina taa, nikamwambia baba, sasa tunauza dhahabu humu ndani, akasema, "Shangazi, njaa inadanganya. Mwalimu anasema usile kwa sababu una njaa wala usiache kwa sababu umeshiba. Saa ikilia unakula, basi," nikamuuliza na betri ikiisha je, tufe, akacheka, tulicheka wote wawili siku ile, na simu ikaanza kulia kila mara, inalia anakula, inalia anakula, kama kuku wa kisasa, nilimwambia hivyo, kuku wa kisasa, hakukasirika, na mimi, hapo ndipo nilipoharibikiwa, nikaanza kuipenda ile mizani, mtu mwenyewe shule niliishia kuimba na kufagia uwanja, lakini namba nazijua, namba ikitokea pale kwenye kioo inakuwa kama imenitokea mimi, nikawa naipangusa kwa kitambaa chake peke yake, bombani wakaniita daktari, "Daktari, mgonjwa wako anaendeleaje," nami ndoo kichwani najibu, yule namtengeneza mimi, Jumamosi ya mashindano ya kutunisha misuli njooni mwone nilichokifinyanga, nikajitikisa, wakapiga vigelegele… nilichokifinyanga. Na alikuja akaniambia. Alikuja pale mlangoni, sahani tupu mkononi, anaikwangua kwa uma pasipo na kitu, akasema, "Shangazi, bado nina njaa," kwa sauti ya chini, mwanaume mzima, na mimi mgongo nimempa nasuuza vyombo nikamwambia mizani imesema, akasema, "Sawa, daktari," akaenda zake, na mara nyingine nikamkuta amesimama karibu na jiko, hafunui kitu, amesimama tu, sufuria imefunikwa na yeye amefumba macho ananusa, nikampiga na kitambaa, toka hapa mwizi, akatoka, halafu akaacha kusema, sikumsikia tena, nami nikamwambia fundi cherehani, mtoto ameshazoea, njaa imenyooka, eti imenyooka, kama suruali, na siku ile nikamuuliza kwa utani baba una njaa, akatazama simu kwanza, akatazama simu ndipo akajibu, "Bado nusu saa," nikacheka nikashika ukuta, nikaenda kuisimulia bombani, watu wakacheka, nikaisimulia tena kwa wifi yangu kwenye simu, mama yake mzazi, naye alicheka kidogo halafu akanyamaza, akasema, "Lakini wifi, anakula?" nikamjibu anakula kuliko mimi na wewe, kwa saa, kwa mizani, usiwe na wasiwasi…

"Haloo? Mko hapo?" Tupo, tungekwenda wapi, mwalimu anakohoa, anasema, "Kama ni kavu, basi tatizo si chakula, tatizo ni wewe, na Jumamosi nampandisha mwenzako, mimi sipandishi jukwaani mtu wa kuzimia," na yeye anaitikia, "Ndiyo mwalimu," hajitetei, vidole vyake vimelala mezani, kucha zina rangi ya jivu, mchana huu wote na jua hili amevaa sweta, sweta ndani ya nyumba yenye jiko linalowaka, mkanda ametoboa tundu jipya kwa msumari, nililiona tundu, mimi naona kila kitu, nani kabadilisha pazia, nani karudi nyumbani kwa mlango wa nyuma, nikaona na mfupa wa bega unavyotokeza unaweza kutundikia koti, nikasema misuli imejificha inasubiri siku yake, watu wakacheka… macho yangu yaliniambia na mimi nikayajibu kwa mizani. Nikisema kavu, inaisha, neno moja tu, "kavu mwalimu, kavu kabisa," sauti yangu ikitoka kubwa haina anayeipinga, na yeye ataamini, hatanishuku hata kidogo, atakwenda kitandani aseme mwili wangu ni mbovu, nakula na haupokei, nafanya yote na nadondoka, ataanza kujipunguzia kulala, ataongeza vyuma, namjua, ni baba yangu mtupu, ukimpa kosa la mtu mwingine analibeba mpaka mlangoni kwake. Na nikisema zilizoiva… bombani, mama yangu, nawajua midomo yao, nimewafundisha mimi, watasema daktari kaua mgonjwa, watasema alikuwa anampima mtoto wa kaka yake huku mwenyewe anakula masalia anafura, na itakuwa kweli, mara hii umbea wote utakuwa kweli, na wifi hatasema kitu, atanyamaza vilevile kama alivyonyamaza siku ile, na kaka yangu atauliza nauli ya kuja ni kiasi gani… basi na waseme. Nitasema zilizoiva. Nitasema, mwalimu, toka mwanzo zilizoiva, tambi na dengu zote, mtoto hana kosa, mtoto aliniambia ana njaa na nilimsikia. Neno lipo hapa kwenye ulimi, nalisikia lina uzito, na yeye bado ananitazama, mdomo umebaki wazi kidogo, ananisubiri nimtetee, dengu zinachemka nyuma yangu zinagonga mfuniko, na mimi nangoja nione hasira yake mapema, nijiandae, lakini haiji, hata nikiiwaza haiji, hatanikasirikia huyu, ndilo baya lenyewe, atasema, "Aa, kumbe, basi shangazi usijali," kisha atavuta kiti mezani, na atasubiri nimpakulie, na nitamwambia kula baba, kula mpaka ushibe, naye ataniangalia na macho hayo makubwa aniulize, kushiba ni kiasi gani, shangazi, na mimi natazama sufuria na natazama mabega yake, mabega niliyoyalisha mimi, nautafuta mkono wangu ule wa chini ya kiunzi, mkono uliokuwa unajua wenyewe, na mkono umeshika mwiko hapa, umetulia tu, haujui, namwangalia mtoto huyu kutoka kichwani mpaka miguuni na sijui ana njaa kiasi gani, sijui nimpakulie kiasi gani…