Ngamia Aliyesema Yaliyofutwa

Baada ya alasiri Rukiyo alisimama kwa mguu mmoja uani kwake, mtaa wa Galbet, chombo cha maziwa kikiwa juu ya goti la mguu mwingine, akamkamua ngamia wake. Chuchu tatu hazikutoa kitu. Ya nne ilitoa maji ya njano, akayamwaga.

Ngamia huyo alimpata kwa Yarrow, kupitia kundi la mtandaoni la wauza mifugo wa Garissa. Kwenye video kiwele kilikuwa kimefura, naye akadhani ni maziwa, kumbe ni ugonjwa. Alimbadilisha kwa mbuzi wake wote, mali pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe. Alimwandikia Yarrow faraghani, kwa adabu, mara nyingi. Yarrow alisoma, akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayeficha ya mnyama kisha akamuuzia mjane.

Siku hiyo hasira zilimpanda, akaandika kundini: “Yarrow, ngamia wako kiwele kimekufa. Kuja umchukue, nirudishie mbuzi wangu.”

Ahmednoor, admini, aliufuta ujumbe huo kabla chai yake haijapoa. Aliwakumbusha wote kwamba kundi lina heshima zake: huanza mtu kwa salamu, na aibu ya mali ya mwenzio hupelekwa inboksi.

Uani, ngamia aliinua shingo akausema ujumbe wote, neno kwa neno, kwa sauti ya Rukiyo. Jirani aliyekuwa akianika nguo alisema ngamia anazungumza vizuri, akaendelea kuanika.

Rukiyo aliandika tena. Ujumbe ukafutwa, ngamia akausema. Basi akamfungua, akamwongoza mpaka soko la mifugo, walipokaa wanakundi wenyewe na simu zao, akawa anaandika huku amesimama mbele yao. Kila Ahmednoor alipofuta, ngamia alisema. Watu walisikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyekana kwamba kiwele kimekufa. Kilichowaudhi ni kwamba ngamia hakutoa salamu. Mmoja alishauri aingizwe kundini ili naye afungwe na masharti, lakini ngamia hakuwa na namba ya simu. Wakaona nafuu wamtoe Rukiyo.

Jioni Sadia, binamu yake, alimwandikia faraghani: pole, hata yeye Yarrow alimfanyia vivyo hivyo mwaka jana. Rukiyo alimuuliza mbona hakusema. Sadia alijibu kwamba haikuwa adabu. Rukiyo alitamani kuirusha simu ukutani.

Hatimaye Yarrow alikuja. Rukiyo alitoka mbio kumpokea, akidhani mbuzi wake wamerudi. Yarrow alikuja peke yake, simu mkononi.

“Eddo, si nilikwambia hii ngamia ni nzuri?” alisema, akimwita shangazi kwa heshima. “Inayoongea bei yake iko juu. Niachie nitafute mteja, mbuzi utapata.”

“Sema kiwele kimekufa.”

“Hiyo ni ya inboksi, eddo.”

Rukiyo alimwambia atoke, na maneno aliyomwongezea hayaandikiki. Yarrow alikuwa amekwisha kumpiga ngamia video, kuanzia shingoni kwenda juu. Aliiweka kundini, watu wakaandika mashallah, Sadia miongoni mwao.

Kesho yake Rukiyo alikuwa akimwekea ngamia majani, mnyama akainua shingo akasema kwa sauti ya mwanamke asiyemjua, sauti changa, yenye haya: “Asalaam aleykum. Mimi niko Masalani. Nataka kuleta ng'ombe yangu tubadilishane. Na maziwa, iko?”

Rukiyo alielewa kwamba swali hilo limefutwa kundini, ambako yeye hawezi tena kuandika.

“Hana!” alimjibu. “Usilete ng'ombe wako, dada. Hana maziwa!”

Alirudia mpaka koo likamkauka. Ngamia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kucheua.